Maua ya Jumamosi

Kijiji kizima kilijua Jumamosi imefika kwa kumwona Tupokigwe na ndoo yake. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia miti ya mbao, yeye tayari yuko katikati ya bustani, gauni amelipandisha na kulifunga kiunoni, kisu mkononi. Hakung'oa ua kwa mkono hata siku moja. Alikata mshazari kwa kisu kikali, juu kidogo ya jicho la jani, ili shina lichipue tena. Wapita njia waliokuwa wakienda kwenye mashamba ya njegere walimsalimia, "Kamwene, mama," na wakishafika mbali kidogo wakaanza kumteta. Katika sehemu hizi za Kilolo maua mabichi yana kazi mbili tu, kupamba altare na kupamba kaburi. Sebuleni mtu mwenye akili zake anaweka ya plastiki, anayafuta vumbi Krismasi na Pasaka, basi.

Tupokigwe hakuwa wa huku. Alizaliwa upande wa Tukuyu, Mbeya, kwa mama aliyekuwa na kopo moja la maziwa ya unga lililopakwa rangi ya bluu. Kila Jumamosi kopo lile lilipata maua mapya, hata wiki ambayo ndani hakukuwa na chumvi. Mama alipofariki, wadogo zake waligawana khanga na masufuria, yeye akaomba kopo. Walimcheka. Akaja nalo Kilolo akiwa na miaka thelathini na moja, kufanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti, kujaza udongo kwenye viriba kutwa nzima mpaka kucha zikawa nyeusi.

Hapo kitaluni ndipo alipokutana na Philbert, seremala mrefu mwenye maneno ya kuhesabu. Alikuja kununua miche ya kupanda mpakani mwa shamba lake. Akarudi kununua tena, na tena, mpaka shamba likaisha mipaka. Mwisho ikabidi aseme alichokuwa anataka.

Sasa Philbert alikuwa na mke wa pete. Alifunga ndoa na Matilda kanisani, wakakaa miaka minne, kisha siku moja Matilda akapanda gari akaenda Igawa kufungua mgahawa kando ya barabara kuu, asirudi. Hakufukuzwa, hakupigwa. Alichoka tu na baridi, na mume asiyeongea. Lakini ndoa ya Kikatoliki haivunjiki kwa sababu mtu amehama. Kwa hiyo miaka kumi na tisa Tupokigwe alipika, alilima, alifua, alimuuguza mama mkwe mpaka akamfumba macho, na bado kwenye daftari la jumuiya hakuandikwa mke wa mtu. Jumapili wenzake walipojipanga kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi akitazama maua yake mwenyewe altareni. Maua yaliruhusiwa kufika pale. Mwenye kulielewa jambo hilo na alieleze, maana yeye Tupokigwe hajalielewa mpaka leo.

Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa wawili tu, na bustani. Mwaka wao wa kwanza Philbert alimtengenezea kistuli cha mninga chenye miguu mitatu, akakipiga msasa mpaka kikateleza kama sabuni, akakiweka chini ya dirisha la sebuleni. Kila Jumamosi kopo la bluu likishajazwa, lili nyeupe nyuma, dalia mbele, majani ya jimbi pembeni, Philbert aliacha randa yake nje, akaingia na unga wa mbao kwenye nyusi, akasimama akatazama. "Ndaga fijo," alisema, asante sana, kwa Kinyakyusa chake kibovu cha kuazima. Kisha akarudi kwenye randa. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Mwaka jana mwezi wa nane akaanza kukonda. Uvimbe ulikuwa kwenye ini. Walizunguka huku na huku mpaka daktari mmoja akawaambia kwa upole warudi nyumbani. Tupokigwe akakivuta kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ili mgonjwa aione bustani, na akaongeza maua. Sasa hayakuwa ya Jumamosi peke yake. Kila yaliponyauka aliyabadilisha.

Ndipo akaja Faustina, dada yake Philbert, kutoka Kihesa mjini. Faustina ni mwanamke wa mdomo na wa kazi. Akiingia nyumba ya mtu hukagua mpaka chini ya kitanda. Aliona lili nyeupe kichwani pa kaka yake, akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"We mwanamke! Umeshaanza kumzika? Mtu bado anapumua, wewe umemwekea shada?"

"Anayapenda, wifi."

"Mimi siyo wifi yako. Toa hiyo maua!"

Akayatoa mwenyewe, akayatupa nje ya dirisha. Tupokigwe alimwacha, maana Faustina alikuwa na haki ya hofu yake; ni watu wangapi huku wamewahi kuona ua jeupe bila jeneza? Lakini jioni, Faustina alipokwenda kuoga, Philbert alifumbua macho.

"Zile nyeupe ziko wapi?"

"Dada yako hazitaki."

"Rudisha."

Akazirudisha. Na wiki ile ile Philbert akamwita kaka yake mkubwa, Mika, mwalimu mstaafu, mtu mpole anayependa kila jambo liishe bila kelele. Shamba na kiwanja vilikuwa vya ukoo, na neno la Mika ndilo lililokuwa likisikika kwenye ukoo. Philbert alimshika mkono mbele ya Tupokigwe. "Kaka, huyu asitoke kwenye nyumba hii."

"Nimesikia," alisema Mika.

"Sema."

"Hatatoka."

Philbert alifariki Jumatano alfajiri, mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni na bustani ikiwa imechanua kuliko mwaka wowote. Kabla ya watu kujaa, Mika alimvuta Tupokigwe nyuma ya jiko.

"Shemeji, nisikilize. Watasema mengi. Wewe kula jiwe. Kesho tunazika, Jumamosi tunamaliza msiba, tunakaa kikao cha familia. Pale nitasimama niseme maneno ya marehemu, na hakuna atakayenipinga. Siku tatu tu. Ila usiwape sababu."

"Sababu gani, shemeji?"

"Yoyote ile."

Tupokigwe akaitikia. Siku tatu ni kitu gani kwa mtu aliyevumilia miaka kumi na tisa? Nyumba ile ndiyo yote aliyokuwa nayo. Tukuyu hakukuwa na mtu wa kumpokea tena, na umri wa kurudi kujaza viriba ulikuwa umempita. Akapiga moyo konde.

Siku ya kwanza ilianza na mapanga. Asubuhi ya Alhamisi mtu aliuliza nani atakwenda Iringa mjini kununua maua ya mashada, na Faustina akajibu kwa sauti ya mwenye nyumba, "Kununua ya nini? Si hayo hapo nje yamejaa?" Vijana wa ukoo wakaingia bustanini. Hawakukata juu ya jicho la jani. Walifyeka chini kabisa, kama watu wanaosafisha uwanja wa mpira, na dalia nyingine zikang'oka na viazi vyake vikining'inia na udongo. Kulikuwa na moja nyekundu iliyoiva mpaka kukaribia weusi. Kiazi chake Tupokigwe alikitoa Tukuyu kimefungwa kwenye khanga, akakipakata njia nzima. Hiyo nayo ikaenda. Alikuwa amesimama mlango wa jiko akimenya viazi mviringo vya wageni. Alifungua mdomo. Akakumbuka. Akaufunga, akaendelea kumenya, na maganda yaliyodondoka siku ile yalikuwa manene kiasi kwamba mama mmoja alimnyang'anya kisu akimwambia anamaliza chakula.

Wanawake wa jumuiya waliketi kwenye mkeka wakisuka mashada, matawi ya msaipresi yamekunjwa duara, maua yakifungwa juu yake kwa nyuzi za mgomba. Yeye hakuitwa. Na kwenye godoro sebuleni, pembeni ya jeneza, pale panapokaa mfiwa mkuu, alikuwa ameketi Matilda, amefika na gari la alfajiri kutoka Igawa, gauni jeusi, kilemba cheusi. Tusimwonee Matilda. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli; ujana wake ulikuwa ndani ya sanduku lile. Lakini godoro alilolikalia, foronya yake aliishona Tupokigwe.

Kaburi lilichimbwa ndani ya kiwanja, hatua kama sitini kutoka bustanini, walipolala wazazi wa Philbert. Padre akamaliza sala, udongo ukarudishwa, ukainuliwa tuta zuri. Kisha msimamizi wa ratiba akafungua karatasi yake. Huku kwetu mashada hayawekwi kiholela. Mtu anaitwa, anasogea, anaweka, watu wote wanamwona na wanajua alikuwa nani kwa marehemu. Asiyeitwa hakuwa mtu.

"Anaitwa mke wa marehemu, mama Matilda."

Matilda akasogea na shada kubwa kuliko yote. Lili nyeupe pande zote, na katikati ile dalia nyekundu ya Tukuyu.

"Wanaitwa kaka na dada wa marehemu."

Wakasogea. Wakaitwa watoto wa kaka, wajomba, majirani, wanajumuiya, mafundi seremala, hata wenye mashine ya kusaga. Kila mmoja alichomeka kitu cha Tupokigwe kwenye udongo ule. Yeye aliyajua yote. Waridi la mafundi lilikuwa la kando ya choo, maua ya bluu ya majirani yalikuwa ya kivulini nyuma ya karakana. Alikuwa amenawa mikono, amejifunga khanga safi, amesogea mstari wa mbele kidogo ili wasihangaike kumtafuta.

"Kama kuna tuliowasahau, watuwie radhi," alisema msimamizi, akakunja karatasi.

Tupokigwe akamtazama Mika. Mika alikuwa akitazama viatu vyake. Siku tatu, akajiambia, siku tatu, na ilikuwa bado ya kwanza.

Ya pili aliipitisha kwenye moshi wa jiko. Watu walikula, walicheza karata, walikunywa ulanzi, walicheka kidogo kama ilivyo kawaida ya misiba ikishapoa. Mchana alipoingia sebuleni kuchukua sufuria, akakuta Faustina ameshapafagia, ameliweka kopo la bluu uvunguni, na juu ya kistuli amesimamisha maua ya plastiki, ya pinki, bado yana karatasi ya dukani chini ya kitako.

"Sasa hapa ni kwa watu," Faustina alimwambia shoga yake, bila kugeuka. Tupokigwe alichukua sufuria akatoka.

Jumamosi aliamka jikoni, alikokuwa akilala. Baridi ilikuwa kali na mwanga ndio kwanza unaingia. Watu walisema baadaye kwamba alifanya kwa kiburi, wengine wakasema kwa uchawi. Ukweli ni mdogo zaidi. Ilikuwa Jumamosi. Mkono ulichukua ndoo, mkono mwingine ukachukua kisu, miguu ikampeleka bustanini, na alipofika katikati ndipo alipokumbuka kwamba hakuna bustani. Palikuwa na visiki, matope, na alama za mabuti.

Akasimama pale muda mrefu. Alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, bila sauti, ndoo imening'inia mkononi. Alipoinua uso akayaona. Bustani yake yote ilikuwa imesimama kule, hatua sitini, juu ya tuta, na umande juu yake. Baridi ilikuwa imeyatunza, lakini vichwa vya dalia vilikuwa vimeanza kulegea, na macho yake ya kazi yakamwambia kitu kimoja tu: hayatafika saa sita bila maji.

Tusimfanye mjinga. Alijua. Tukuyu, Kilolo, popote, kitu kilichowekwa kaburini hakirudi nyumbani. Kama angeona mtu mwingine anakifanya, hata yeye angeshika kichwa. Lakini alipopiga magoti mbele ya tuta, wazo lilimjia, na lilikuwa na sura ya haki kabisa. Kitu anakitoa mwenyewe mwenye nacho. Philbert hakuwa amepewa maua haya na yeyote kati ya wale, kwa kuwa hayakuwa yao. Na mwenyewe alikuwa bado hajayatoa.

Akayachuma. Shada la Matilda alilifungua uzi kwa uzi, akachukua lili na ile dalia. Akachukua waridi, maua ya bluu, majani ya jimbi. Akarudi, akapunguza vikonyo ndani ya maji, mshazari, akaingia sebuleni kwa kunyata. Matilda na Faustina walikuwa wamelala chumbani. Akalitoa kopo la bluu uvunguni, akaliosha, akaondoa plastiki, akapanga kama anavyopanga siku zote, nyeupe nyuma, dalia mbele. Ukutani picha ya Philbert ilikuwa imevishwa kitambaa cheusi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama pale alipokuwa akisimama mwenye unga wa mbao kwenye nyusi.

"Ndaga fijo," alisema, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Matilda alikuwa na mswaki mdomoni. Aliitazama dalia nyekundu, akaitazama tena, mswaki ukadondoka.

"Hii maua... si nimeweka mimi? Si nimeweka kaburini?"

Kelele za Faustina zilifika mpaka barabarani. "Ameingiza kaburi ndani ya nyumba! Mamaaa! Sasa anayefuata ni nani? Atuambie anayefuata ni nani!" Waliolala chini ya turubai wakaamka, wakajaa mlangoni, na hakuna aliyevuka kizingiti. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimfunika uso, akarudi nyuma haraka. Walikuwa wanaogopa kweli. Hilo ndilo lililomkata Tupokigwe maini, maana angejua kupambana na chuki, lakini watu hawa aliwauguzia watoto wao, na sasa walikuwa wanamwogopa.

Kikao kilichopangwa kuwa cha saa nne kilikaa saa moja asubuhi, bila chai. Mika aliketi mbele. Kwenye mfuko wa shati lake karatasi ilionekana, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameyaandika maneno ya marehemu, kama mwalimu.

"Shemeji. Umeyatoa kaburini?"

"Nimechuma maua yangu."

"Nimekuuliza swali."

"Ndiyo. Kaburini."

Turubai zima likavuta pumzi. Mika alijifuta paji la uso, ingawa kulikuwa na baridi.

"Nilikuomba siku tatu."

"Ya tatu ndiyo hii, shemeji."

"Ndiyo hii," alisema Mika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Ndiyo hii, na hata jua halijatoka vizuri."

Hakuitoa karatasi. Alijua akiisoma wangesema mchawi amemroga marehemu, sasa amemroga na mwalimu, na yeye alikuwa mtu anayependa mambo yaishe bila kelele. Maneno ya Philbert yalibaki mfukoni. Wazee wakaamua haraka. Maua yarudi yalikotoka, na ayarudishe mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeyagusa. Nyumba ije kunyunyiziwa maji ya baraka. Na mama huyu aondoke leo.

"Na kistuli?" aliuliza Tupokigwe.

"Kistuli ni mali ya kaka yangu," alisema Faustina.

Akaingia ndani, akatoka amelipakata kopo la bluu. Watu wakampisha njia pana, wakamfuata kwa mbali, ukoo mzima, majirani, wanajumuiya, mafundi, kuhakikisha hakuna hata jani linalobaki. Wote waliokuwepo Alhamisi walikuwepo, na walijipanga kulizunguka kaburi, umbali wa kutosha.

Tupokigwe akapiga magoti. Walitegemea atayabwaga. Hakuyabwaga. Alitoboa udongo kwa ncha ya kisu, akashusha kikonyo, akakandamiza kwa vidole viwili, kama alivyojifunza kwenye viriba, kisha akahamia lingine. Nyeupe kichwani. Ya bluu pembeni. Faustina alisema, "Fanya haraka." Hakufanya haraka. Dalia ya Tukuyu aliibakiza ya mwisho, akaiweka kifuani, akaimwagia maji yote yaliyobaki kwenye kopo.

Alipomaliza akasimama, akajifuta matope kwenye gauni, akawageukia. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya msimamizi wa ratiba, kavu, ya kusikika mpaka nyuma.

"Mke wa marehemu," alisema. "Ameweka."

Mika alivua kofia, akaishika mkononi. Tupokigwe akatia kisu na kopo tupu ndani ya ndoo, akauliza basi la kwenda Iringa linapita saa ngapi, na mama mmoja akamwambia saa nne.